Mrututu Si Dawa ya Kuelekezana kwa Simu

Msimu wa mvua ukikaribia, simu yangu huanza kuita kuanzia asubuhi, na swali huwa lile lile: "Bwana shamba, mrututu naweka kiasi gani kwenye bomba?" Swali ni zuri. Lakini leo sitalijibu kwa sentensi moja, kwa sababu niliwahi kulijibu kwa sentensi moja na mtu akapata hasara.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mzee mmoja mwenye nyanya kama nusu eka alinipigia jioni. Mimi nipo juu ya bodaboda, upepo unapiga, nasikia kwa shida. Akaniambia ukungu umeingia kwa jirani, yeye ana mrututu ndani, apulizie vipi. Nikamjibu haraka haraka: "Gramu mia mbili kwa lita ishirini, mzee." Akashukuru, tukaagana.

Siku ya tatu akanipigia tena. "Bwana shamba, hebu njoo uone dawa yako."

Nilikuta majani yamebabuka kingo, yale machanga yamekauka kama yamemwagiwa maji ya moto, maua yamepukutika. Mzee hakunitukana. Alitoa kidaftari mfukoni akanionyesha mstari alioandika: mrututu gramu 200, maji lita 20. Akasema, "Mwanangu, nimefuata ulichosema. Chokaa hukuitaja."

Na kweli sikuitaja. Kichwani mwangu nilikuwa nazungumzia mrututu na chokaa, maana chuoni tulifundishwa vikiwa pamoja. Mdomoni kilitoka kimoja. Nyanya zile ndizo zilikuwa zimnunulie mtoto godoro, sanduku na sare za shule ya bweni. Alivuna kidogo tu kwenye machipukizi ya baadaye, na mtoto akachelewa kuripoti shule.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja: mrututu usielekezwe kwa mdomo, usipimwe kwa kijiko, na usiuzwe kwenye kimfuko kisicho na jina. Sisemi ni dawa mbaya. Ni dawa nzuri sana, na ni nafuu. Tatizo ni kwamba tumeuzoea hadi tumeacha kuuheshimu.

Mrututu ni kitu gani?

Mrututu ni chumvi ya shaba. Kitaalamu unaitwa kopa salfeti. Ni zile chengachenga za bluu zinazong'aa kama vioo vilivyovunjika. Ile bluu inatokana na shaba ikiwa na maji ndani ya chengachenga. Ukiuchoma, maji yanatoka na unabaki unga mweupe. Ukiudondoshea maji, bluu inarudi. Kwa uzito, karibu robo ya mrututu ni shaba yenyewe. Yaani kilo moja ina shaba kama gramu 250.

Hapa kuna jambo wengi hawalijui. Dukani kuna dawa nyingine za shaba ambazo sote tunaziita "kopa". Kuna za unga wa kijani au bluu mpauko, kuna nyekundu. Hizo si mrututu. Zimetengenezwa kiwandani ziwe tayari kuchanganywa na maji bila chokaa, na kiasi cha shaba ndani yake hutofautiana. Kwa hiyo kipimo cha kopa ya pakiti usikihamishie kwenye mrututu, na cha mrututu usikihamishie kwenye kopa. Jirani akikuambia "mimi kopa naweka vijiko vitatu", muulize kwanza ni kopa gani.

Mrututu na chokaa ni mtu na ndugu yake

Dawa ya mrututu na chokaa ilianza kujulikana kitaalamu huko Ufaransa, upande wa Bordeaux. Mwaka 1882 mizabibu ya kule ilikuwa inasumbuliwa na ukungu uliotoka Marekani. Mtaalamu wa mimea aitwaye Millardet akaona kwamba mizabibu iliyo kando ya barabara bado ina majani, wakati ya katikati ya shamba imepukutika. Alipouliza, akaambiwa wenye mashamba walipaka mizabibu ya barabarani mrututu na chokaa ili wapita njia waone ile rangi, waogope kuiba zabibu. Akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza matokeo. Mpaka leo mchanganyiko huo unaitwa kwa jina la mji ule.

Angalieni jambo hilo vizuri. Tangu mwanzo, mrututu ulikuwa na chokaa. Mrututu ukiwa peke yake kwenye maji una asidi, na shaba yake yote inakuwa imeyeyuka. Ikifika kwenye jani inaingia kwa wingi mara moja na kulichoma. Chokaa inaituliza ile asidi na kuigeuza shaba kuwa chembe ndogo zinazong'ang'ania juu ya jani, zikiachia shaba kidogo kidogo kila jani likilowa. Hicho kidogo kinatosha kuua mbegu za ukungu zinapojaribu kuota.

Sasa basi, neno la muhimu hapo ni "zinapojaribu kuota". Mrututu ni ngao. Ukungu ukishaingia ndani ya jani, shaba iliyo juu haiufuati huko. Mtu anasubiri bakajani chelewa ibabue robo ya shamba ndipo anapulizia kwa nguvu, kesho anarudia, keshokutwa anaongeza kipimo. Huyo anapoteza hela na anaumiza shamba. Kwenye kahawa ni hivyo hivyo kwa kutu ya majani na chulebuni: unapulizia kabla ugonjwa haujatawala.

Namna ya kuchanganya

Andika mahali, au piga picha ukurasa huu. Kipimo hiki ni cha asilimia moja, kwa lita 20:

1. Pima mrututu gramu 200 na chokaa gramu 200 kwa mzani. Ukinunua, mwombe muuza duka akupimie. Kijiko, kifuniko cha soda na kisanduku cha kiberiti si vipimo, maana chenga kubwa na chenga ndogo hazijai sawa.

2. Chokaa iwe ile iliyozimwa, ya unga laini, kama ya kupaka nyumba, na iwe kavu bila mabonge. Chokaa ya kilimo ya kurekebisha udongo haifai kwa kazi hii. Ni mawe yaliyosagwa, haiwezi kuituliza ile asidi kwa haraka inayotakiwa.

3. Yeyusha mrututu kwenye lita 10 za maji, ndoo ya plastiki. Chenga kubwa huyeyuka taratibu. Zifunge kwenye kitambaa uzining'inize juu juu ndani ya maji usiku kucha, asubuhi utakuta zimeisha. Usitumie debe la bati wala ndoo ya chuma. Mrututu unakula chuma, na shaba inabaki kwenye ndoo badala ya kwenda shambani.

4. Koroga chokaa kwenye lita 10 nyingine za maji, ndoo tofauti.

5. Mimina maji ya mrututu taratibu kwenye maji ya chokaa huku ukikoroga. Usichanganye vikiwa vizito halafu ndipo uongeze maji, maana chembe zitakuwa kubwa, zitaziba bomba na hazitashika kwenye jani.

6. Chukua msumari safi usio na kutu, uzamishe kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha. Ongeza kidogo, koroga, pima tena. Msumari ukitoka kama ulivyoingia, dawa iko tayari.

7. Chuja kwa kitambaa, pulizia siku hiyo hiyo. Bomba litikise kila mara kwa sababu chembe zinatuama. Iliyolala usiku haina nguvu ile ile.

Kwa mimea michanga, tumia nusu ya vipimo vyote viwili, na jaribu kwanza kwenye miche michache usubiri siku mbili tatu. Usipulizie wakati wa baridi na ukungu mzito ambapo majani yanachukua muda mrefu kukauka, maana hata mchanganyiko mzuri unaweza kuunguza. Na usimimine dawa ya wadudu humo humo ili "umalize kazi mara moja". Chokaa huvunja nguvu ya dawa nyingi za wadudu.

Ule mtihani wa msumari ungemwokoa yule mzee. Msumari wake ungetoka mwekundu kabla hajagusa jani hata moja. Nami sikuwa nimemwambia.

"Lakini wazee wetu waliutumia"

Hili naambiwa kila mkutano. Ni kweli waliutumia. Lakini tuangalie walivyoutumia na tunavyoutumia sisi. Kahawa hupuliziwa kwa ratiba, mara chache kwa mwaka. Leo mtu analima nyanya misimu miwili au mitatu kwenye kipande kile kile, na mvua ikikaza anapulizia kila wiki.

Tupige hesabu. Eka moja ya nyanya zilizokua inaweza kula mabomba kumi ya lita 20. Kwa gramu 200 kila bomba, hiyo ni kilo 2 za mrututu, yaani nusu kilo ya shaba, kwa mpulizo mmoja. Nchi za Umoja wa Ulaya, ambako hata wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kutumia shaba, zimeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7. Ukigawanya ni wastani wa kilo 4 kwa hekta kwa mwaka, ambayo kwa eka ni kama kilo moja na nusu. Kwa hiyo mkulima wetu anafika ukomo huo kwa mipulizo mitatu. Mipulizo mitatu! Wengine wanaimaliza ndani ya mwezi mmoja.

Ukomo huo ni wa kwao, si sheria yetu. Lakini shaba ni ile ile, na udongo haujui mipaka ya nchi. Shaba haiozi. Dawa nyingine huvunjika na kuisha kadiri muda unavyopita, shaba haivunjiki. Inayodondoka leo inabaki kwenye tabaka la juu la udongo, ya mwaka ujao inaikuta hapo. Mashamba ya kahawa yaliyopuliziwa kwa miaka mingi, Kenya na hapa Kilimanjaro, yamepimwa yakakutwa na shaba nyingi kupita ya mashamba yasiyopuliziwa. Kidogo ni chakula cha mmea, nyingi inakuwa sumu kwa mizizi, kwa minyoo ya udongo na kwa vijidudu vinavyotengeneza rutuba.

Kwa hiyo hoja ya wazee inanirudisha pale pale. Kama wao walianza, sisi ndio tunaojaza. Na watoto wetu ndio watakaolima hapo.

Ninachoshauri ni kupunguza haja ya kupulizia. Nyanya zipewe nafasi, zifungwe kwenye miti, majani ya chini yaondolewe, mabaki ya msimu uliopita yatolewe shambani, na usirudishe nyanya mahali palipotoka nyanya, viazi au bilinganya. Kwenye kahawa, pogoa ili hewa na jua vipite. Na wenye mibuni mizee wafikirie aina chotara za TaCRI zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mbuni usiougua hauhitaji ngao.

Usalama wetu na wa mifugo

Mama mmoja alinikaribisha jikoni kwake nimwangalizie dawa aliyouziwa gulioni. Ilikuwa kwenye kimfuko cha nailoni, hakina jina, amekiweka kwenye kabati la vyombo karibu na chumvi. Mjukuu wake alikuwa ameshakifungua siku iliyotangulia akidhani ni pipi. Alilamba, ile ladha kali ya chuma ikamfanya ateme. Angekuwa mtoto wa kumeza kwanza na kufikiri baadaye, tungekuwa tunaongea mengine.

Mrututu ukimezwa unachoma tumbo na kutapisha sana. Ukiwa mwingi unaharibu ini na figo na kuvunja chembe nyekundu za damu. Ukiingia jichoni unaweza kuliharibu kabisa. Kwa hiyo:

- Unapopima na kuchanganya, vaa glavu za mpira, miwani na kitu cha kuziba pua na mdomo. Wakati huo ndio hatari zaidi, kwa sababu dawa bado ni nzito.
- Unapopulizia, vaa nguo za mikono mirefu na buti, upepo ukiwa mgongoni. Kibarua uliyemkodi naye ni mtoto wa mtu, mpe vifaa hivyo hivyo.
- Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda kituo cha afya.
- Mtu akimeza, usimtapishe kwa nguvu. Msukutue mdomo, mpeleke hospitali haraka, na nenda na pakiti ya dawa. Usikae nyumbani unamnywesha maziwa ukisubiri nafuu.
- Usipake mrututu kwenye kidonda cha mtu. Najua kuna wanaofanya hivyo. Shaba inaingia mwilini kupitia kidonda.
- Vuna kwa kufuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, na osha nyanya vizuri kabla ya kula. Ile rangi ya bluu si pambo.

Kwa wafugaji: mrututu unatumika kwenye maji ya kukanyagia ng'ombe wenye matatizo ya kwato, lakini kondoo ni dhaifu sana kwa shaba. Shaba hujikusanya kwenye ini lake taratibu, halafu siku moja unamkuta amelala. Usimkatie kondoo majani ya chini ya mibuni iliyopuliziwa, wala usimwache anywe maji ya kukanyagia. Na usitengeneze dawa ya minyoo ya mrututu nyumbani.

Kwa sisi wa mifereji: tafadhali, bomba lisioshewe mferejini. Shaba kidogo tu majini inaua samaki, na kule chini kuna mtu ana bwawa. Kuna mwingine anateka maji ya kupikia. Maji ya kuoshea bomba yanyunyizie shambani kwenye mimea ile ile, mbali na maji.

Ninachoomba

Wenye maduka ya pembejeo, ninajua mkulima anakuja na shilingi elfu mbili anataka robo kilo. Simlaumu. Lakini ukifungua gunia na kumgawia kwenye nailoni tupu, umemnyima jina la dawa, kipimo na onyo. Anachobeba kwenda nyumbani ni chenga za bluu tu. Uzeni viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA vikiwa na lebo yake, na mkulima akitaka kidogo, mtafutieni pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani. Kuna watakaosema pakiti ni ghali. Ni kweli inazidi kidogo. Ilinganisheni na gharama ya nusu eka ya nyanya iliyoungua.

Wakulima, msikubali dawa isiyo na jina, hata ikitoka kwa rafiki. Na mwandike tarehe na kiasi kila mnapopulizia. Mwisho wa mwaka mtajua mmemwaga shaba kiasi gani kwenye udongo wenu.

Maafisa ugani wenzangu, hili la mwisho ni letu. Tuna kata kubwa, pikipiki hazina mafuta, na mkulima anataka jibu sasa hivi. Naelewa, nami niko humo humo. Lakini mkulima akiunguza shamba kwa maneno yetu, hasara inabaki kwake. Sisi mshahara wa mwezi ule unaingia kama kawaida. Ndiyo maana ushauri wetu hauwezi kuwa nusu. Kama huna muda wa kutaja chokaa, mzani na msumari, basi huna muda wa kutaja mrututu.

Yule mzee bado analima, na bado ana kidaftari chake. Siku hizi nikienda kwake, nikimaliza kueleza ananisomea alichoandika, mstari kwa mstari, halafu anauliza, "Hakuna kilichobaki?" Mimi nafikiri kwanza, ndipo najibu. Na nikipigiwa simu nikiwa kwenye bodaboda, jibu langu ni moja: "Mzee, ngoja nifike, nikuandikie."